Mifupi mitano na mmoja mrefu: kisa cha seva iliyohukumiwa kuwa imekufa madabodi

Nimekiandika kisa hiki kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaoitwa ghafla kwenye ofisi ambayo seva haiwaki, skrini ni nyeusi, na kitu pekee kinachozungumza ni kispika kidogo kilichogandishwa kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Jina la ofisi, mji, chapa ya seva na kila kinachoweza kuwatambulisha wahusika nimekiondoa. Mengine nimeyaacha kama yalivyotokea, makosa yangu yakiwemo.

## Mazingira

Ofisi ni ya chama cha akiba na mikopo katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Hesabu zote za wanachama zimo kwenye seva moja ya mnara inayokaa stoo, nyuma ya chumba cha mhasibu. Stoo haina kiyoyozi. Dirisha lake la nondo linatazama upande wa bahari na huachwa wazi mchana kutwa ili joto lipungue, kwa hiyo upepo wenye chumvi unaingia na kutoka. Nyuma ya seva, kwenye safu ya vifuniko vya sloti za kadi, kifuniko kimoja kilikuwa kimepotea siku nyingi na kuacha tundu la upana wa kidole. Naomba msomaji alikumbuke tundu hilo.

Seva yenyewe ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Madabodi yake ina soketi mbili za prosesa, ila iliyofungwa prosesa ni moja tu. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni stiki tatu za kizazi cha DDR3 zenye ECC, yaani uwezo wa kusahihisha makosa, gigabaiti 8 kila moja, jumla 24. Diski ni mbili na zinabeba nakala ileile, moja ikifa nyingine iendelee. Picha inatoka kwenye chipu iliyomo ndani ya madabodi. UPS ipo, ila betri zake zilikuwa zimechoka.

Jambo moja zaidi: seva hiyo ilikuwa haijazimwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Watu wa ofisi walijivunia hilo, na ni haki yao. Lakini ukaguzi wa kutafuta na kupima RAM hufanyika wakati wa kuwasha tu. Hitilafu inaweza kujengeka polepole kwa miezi, mashine ikaendelea kutembea, na siku itakapozimika ndipo ishindwe kuamka.

## Jumamosi: "inalia mara sita"

Ijumaa usiku umeme ulikatika. UPS ikashikilia dakika chache, kisha seva ikazimika. Umeme ulirudi alfajiri. Asubuhi mhasibu akabonyeza kitufe: feni zikavuma kwa nguvu zote, taa ya kijani ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Mashine ikalia, ikanyamaza, ikalia tena vilevile.

Akaitwa fundi wa jirani, kijana mwenye bidii ambaye huwahudumia kwa printa na kompyuta za mezani. Alisikiliza akahesabu milio sita. Akatafuta kwenye simu maana ya milio sita, akapata orodha inayosema: sita ni hitilafu ya kidhibiti cha kibodi, lango la A20. Akabadilisha kibodi. Akaichomoa kabisa. Milio ikabaki palepale. Kwa kuwa kidhibiti cha kibodi kimo ndani ya madabodi, akahitimisha kwamba madabodi imekufa, na kwa kuwa madabodi ya kizazi kile ni shida kuipata, akashauri seva mpya. Jioni ya Jumamosi profoma ilikuwa tayari mezani kwa mwenyekiti.

Ukifuata hatua zake moja moja, hakuna aliyoruka. Kosa lilikuwa mwanzoni kabisa, kwenye kusikia na kwenye kuchagua orodha, na yote yaliyofuata yalijengwa juu ya hapo.

## Jumapili: sauti kwenye simu

Mhasibu alinipigia Jumapili mchana.

"Fundi, samahani kwa kukusumbua siku ya mapumziko. Seva yetu imekufa madabodi. Tunataka utusaidie kuhamisha data."

"Pole sana dada. Nani amesema imekufa madabodi?"

"Fundi aliyekuja jana. Inalia mara sita."

"Bado inalia?"

"Inalia sana, mpaka barabarani wanasikia."

Hapo nikapata matumaini, na nitaeleza kwa nini. Ukiwasha kompyuta, prosesa husoma amri za kwanza kutoka kwenye chipu ya BIOS (programu ya kuamsha mashine) na kuanza kujikagua kabla ya kugusa diski. Katika dakika hizo za mwanzo haiwezi kuonyesha picha, kwa sababu kutengeneza picha kunahitaji vitu vingi viwe vimeshaamka, RAM ikiwa ya kwanza. Kispika hakihitaji hayo. Tangu IBM PC ya 1981, kukifanya kilie kunataka chipu ya kuhesabu muda na waya mmoja tu. Kwa hiyo kwenye mashine za aina hii, mlio wenye mpangilio unaojirudia ni ushahidi kwamba umeme unafika, prosesa inafanya kazi, BIOS inasomeka, na sehemu kubwa ya madabodi ni nzima. Madabodi iliyokufa kweli huwa kimya.

Hata hivyo zipo seva ambazo anayelia ni kompyuta ndogo ya usimamizi iliyomo kwenye madabodi, na hiyo hulia hata prosesa isipokuwepo. Kwenye madabodi za seva za Intel, mpangilio wa 1-5-2-1 maana yake soketi ya kwanza haina prosesa, na 1-5-4-2 maana yake umeme wa ndani umepotea ghafla. Ndiyo maana kabla ya kufurahi ni lazima ujue ni mashine ipi inayosema nawe.

Nikamwomba mhasibu vitu viwili. Cha kwanza, arekodi sauti kwa simu, aanze kurekodi *kabla* ya kubonyeza kitufe, aache mpaka milio ijirudie mara tatu. Cha pili, afungue ubavu wa seva ikiwa imechomolewa umeme, apige picha ya maandishi madogo ya namba ya aina yaliyochapwa kwenye madabodi.

Rekodi ilipofika niliisikiliza kwa spika za masikioni, nikiwa chumba kimya. Kwenye uvumi wa feni milio yote inafanana. Kwenye masikio, hapana. Mitano ilikuwa mifupi, wa sita ulivutwa zaidi ya mara mbili ya wenzake. Kisha kimya kidogo, na tena: mitano mifupi, mmoja mrefu. Nikatafuta kitabu cha maelekezo cha madabodi ileile kwa namba yake, nikaenda kwenye ukurasa wa milio. Mlio mmoja mfupi: kila kitu sawa. Minane: kumbukumbu ya picha. Usiokatika: joto limezidi. Mifupi mitano na mmoja mrefu: hakuna RAM iliyoonekana.

## Kwa nini orodha ya Jumamosi ilipotosha

Kijana hakudanganywa na orodha ya uongo. Orodha ile ilikuwa kweli kwa mashine za zama zake, na kisa chake ni kizuri kukijua.

Prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978 ilikuwa na nyaya 20 za anwani, kutoka A0 hadi A19, zinazotosha megabaiti 1 ya kumbukumbu. Programu iliyovuka mwisho wa megabaiti hiyo ilirudishwa mwanzo, na baadhi ya programu zikaizoea tabia hiyo na kuitegemea. Ikaja 80286 mwaka 1982 ikiwa na nyaya 24. Sasa ukivuka megabaiti 1 hurudishwi mwanzo, bali unaendelea mbele, na programu za zamani zinaharibika. IBM, kwenye PC/AT ya 1984, wakaweka lango la kuufunga na kuufungua waya wa A20, na kwa kuwa chipu ya kibodi ilikuwa na mguu usiotumika, lango wakalifunga hapo. Ndiyo sababu orodha za zamani za BIOS ya AMI, mmoja wa watengenezaji wa BIOS, zinaitaja kibodi kwenye milio sita: BIOS ilishindwa kulifungua lango, na lango lilikaa kwa mlinzi wa kibodi.

Kwenye orodha hiyohiyo ya AMI milio yote ni mifupi na ya urefu mmoja, unahesabu tu. Mmoja ni hitilafu ya uhuishaji wa RAM (kuifufua mara kwa mara isisahau), mitatu ni ya kilobaiti 64 za kwanza za RAM, minane ni ya kumbukumbu ya picha. Watengenezaji wengine wa BIOS walikuwa na mitindo yao. Award wao walichanganya mrefu na mifupi: mmoja mrefu na miwili mifupi ni tatizo la picha. Phoenix walilia kwa mafungu yenye vituo, kama 1-2-2-3 kwa BIOS isiyolingana na hesabu yake ya uhakiki. Mtengenezaji wa seva anaweza kununua BIOS kwa mmoja wao, kisha akabadilisha milio apendavyo. Ni kama neno moja la Kiswahili linalobeba maana moja Unguja na nyingine Lubumbashi. Ukilisikia bila kujua msemaji anatoka wapi, utajibu kisichoulizwa.

Milio sita ya kijana, kwa hiyo, haikuwa sita. Ilikuwa mitano na mmoja, kwa lahaja nyingine.

## Jumatatu: kwenye stoo

Nilifika mapema. Mwenyekiti alikuwa ameketi na profoma mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Jumatano ndiyo siku ya kutoa mikopo, watu wamejipanga. Tuambie, tununue au tusinunue?"

"Naomba unipe mpaka saa sita mchana, mzee. Usiweke saini kwanza."

Nilichomoa waya wa umeme kabisa. Seva iliyozimwa kwa kitufe huwa bado ina volti 5 za kusubiri kwenye madabodi maadamu waya umechomekwa, na kutoa RAM katika hali hiyo ni kutafuta hasara. Nikabonyeza kitufe waya ukiwa nje ili umeme uliobaki uishe, nikagusa bati la seva kuondoa umeme tuli mwilini. Kisha nikatoa diski zote mbili, nikazibandika karatasi zenye namba za nafasi zake, nikaziweka mezani kwa mhasibu. Kijana wa Jumamosi naye tulimwita, akaja.

Tukatoa stiki zote tatu za RAM na kuziandika namba kwa mpangilio wa sloti: 1A, 2A, 3A. Tukarudisha umeme na kuwasha seva ikiwa haina RAM hata moja, kwa makusudi. Mifupi mitano, mmoja mrefu. Mlio uleule, bila tofauti.

Kipimo hiki hakigharimu chochote na kinasema mengi. Kwanza kilithibitisha kwamba tunakisoma kitabu sawa: mashine isiyo na RAM kweli inalia hivi. Pili kilionyesha kwamba mashine ilipokuwa na stiki tatu ilikuwa kama haina hata moja. Swali likabadilika. Halikuwa tena "madabodi nzima au mbovu", likawa "kwa nini stiki tatu hazionekani?" Stiki tatu kufa kwa usiku mmoja si jambo la kawaida. Kuna kitu kimoja kinachozifunika zote.

Hapo nikafanya kosa langu. Nilichukua stiki ya kwanza nikaichomeka peke yake, nikawasha: mitano na mmoja. Nikajaribu ya pili kwenye sloti hiyohiyo: mitano na mmoja. Ya tatu, hivyo hivyo. Karibu saa nzima ikaenda. Nikaanza kuishuku prosesa, kwa kuwa kwenye vizazi hivi kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa yenyewe (Intel walikihamishia huko mwaka 2008), na pini moja iliyopinda kwenye soketi inaweza kuificha RAM. Bisibisi nilikuwa nimeshaishika, nataka kufungua chuma cha kupozea.

Kijana ndiye aliyeniokoa. "Kaka, mbona mchoro kwenye mfuniko unaonyesha upande mwingine?"

Seva ilikuwa imelazwa ubavu, nami nilikuwa nimeisoma kichwa chini. Sloti niliyoitumia ilikuwa ya kundi la katikati, kati ya soketi mbili, na sloti za kundi hilo ni mali ya soketi ya pili, ile isiyo na prosesa. Kwenye madabodi ya soketi mbili kila prosesa inatawala sloti zake tu. Stiki uliyoiweka kwenye sloti za prosesa isiyokuwepo haionekani na yeyote. Vipimo vyangu vyote vitatu havikuwa na maana.

Tukaichomeka stiki ya kwanza kwenye 1A halisi. Tukawasha. Milio haikuja, lakini picha nayo haikuja. Sekunde thelathini. Dakika moja. Kijana akanyoosha mkono kuizima, nikamshika. Seva ikishabadilishiwa RAM huchukua muda kuizoea upya kabla ya kutoa picha. Karibu dakika ya pili, mlio mmoja mfupi. Skrini ikawaka.

"Alhamdulillahi," mhasibu akasema mlangoni.

Tukaongeza stiki ya pili kwenye 2A: gigabaiti 16, mlio mmoja mfupi. Tukaongeza ya tatu kwenye 3A: mitano na mmoja. Tukaitoa: ikawaka.

Sasa tukamulika tochi ya simu. Kwenye ncha ya stiki ya tatu, juu ya meno ya dhahabu, kulikuwa na ukoko mweupe na mweusi uliokauka. Kwenye ncha ya sloti ya 3A, vilevile. Mjusi kafiri. Walikuwa wakiingia kwa lile tundu la nyuma, wanafuata joto na wadudu, na mmoja alipenda kukaa juu ya sloti hiyo. Chini ya madabodi tulikuta na maganda mawili ya mayai.

## Jinsi ncha moja chafu inavyoweza kuficha RAM yote

Kila stiki ya RAM ina chipu ndogo inayoitwa SPD, inayoeleza ukubwa na kasi ya stiki hiyo. BIOS haianzi na RAM yenyewe. Huanza kwa kuuliza SPD za sloti zote, nani yupo na ana nini. Maswali na majibu hupita kwenye nyaya mbili tu, mmoja wa saa na mmoja wa data, na nyaya hizo zinachangiwa na stiki zote za kundi. Kwenye DDR3 yenye meno 240, hizo ni namba 118 na 238. Meno hupangwa 120 kila upande, kwa hiyo zote mbili ziko kwenye ncha ileile ya stiki. Ncha iliyochafuliwa.

Ukitaka picha yake, fikiria mkutano wa simu wa watu watatu kwenye laini moja. Mmoja akiweka simu juu ya redio inayovuma, hata wale wawili wazima hawasikiki. BIOS iliuliza, ikapata kelele, ikahitimisha hakuna mtu.

Kwa nini Ijumaa na si mwezi uliopita? Uchafu wa mjusi una chumvi, na chumvi hunyonya unyevu. Seva iliyowaka mwaka mzima ilikuwa na joto, ukoko ulikaa mkavu. Usiku ule ilipoa kwenye hewa ya bahari hadi alfajiri. Ukoko ukalowa, ukaanza kupitisha umeme, na ukaguzi wa kuwasha ukafanyika katika hali hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya mwaka.

## Maamuzi na sababu zake

Kuzitoa diski kabla ya kugusa RAM. Huu ndio uamuzi ninaousimamia kuliko yote. Seva yenye RAM mbovu inaweza kuwaka nusu, ikafungua kanzidata, ikaandika takataka juu ya hesabu za wanachama, na kwa kuwa diski mbili zinabeba nakala moja, takataka ingeandikwa mara mbili. Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa na siku kumi na moja. Mwenyekiti alipendekeza tuzichukue diski tuzisome kwenye kompyuta ya mezani. Nilikataa kwa heshima, kwa sababu diski hizo zilipangwa na kidhibiti cha seva, na kompyuta nyingine ingeweza kuziandika upya bila kuuliza vizuri.

Kutoichomeka stiki chafu kwenye sloti safi. Nilitaka kujua kama mgonjwa ni stiki au sloti, na njia ya haraka ilikuwa kuihamishia stiki 1A. Lakini ningepeleka uchafu kwenye sloti nzima. Tukasafisha kwanza: brashi laini, alkoholi ya isopropili, kukausha, kurudia. Raba ya penseli sikuitumia. Najua mafundi wengi wameizoea, na mara nyingine inaonekana kusaidia, lakini inakwangua tabaka jembamba la dhahabu na kuacha vumbi lake ndani ya sloti. Kwenye hewa ya chumvi, jino lililokwanguliwa leo linaota kutu kesho.

Kuistaafisha stiki ya tatu hata baada ya kuwaka. Ikiwa safi, peke yake kwenye 1A, iliwasha seva. Mwenyekiti alifurahi. Tukaipitishia Memtest86+, programu ya kupima RAM, na robo saa haikuisha ikaanza kutoa makosa. Stiki ya pili kwenye sloti ya 3A iliyosafishwa haikutoa kosa. Sloti ilipona, stiki haikupona. Gigabaiti 16 zinatosha kwa kazi yao.

Kumwita fundi wa kwanza. Wapo walioniambia nisimwite. Ofisi ile itaendelea kumtegemea yeye siku nitakapokuwa mbali, na tayari mmeona alichonifanyia.

## Matokeo

Memtest86+ ilikesha na stiki mbili bila kosa. Jumanne asubuhi diski zilirudi kwenye nafasi zake kwa namba, seva ikawaka, kanzidata ikakaguliwa na kukutwa nzima. Kabla ya mtu yeyote kuingia kwenye mfumo, tulitoa nakala kwenye diski ya nje. Jumatano mikopo ilitoka. Profoma haikulipwa. Tundu la nyuma lilizibwa kwa kipande cha bati kilichokatwa kwa kipimo.

Kwenye menyu ya BIOS nilifungua kumbukumbu ya matukio, ambayo hakuna aliyewahi kuifungua. Mstari baada ya mstari, kuanzia wiki tano kabla ya ile Ijumaa: kosa la kumbukumbu (RAM) limesahihishwa, sloti 3A. ECC huongeza biti 8 za uhakiki kwa kila biti 64 za data, hivyo biti moja ikikosewa hurekebishwa kimyakimya na kuandikwa. Mashine ilikuwa imelalamika kwa wiki tano, kwa jina la sloti, kabla haijaanza kupiga kelele.

## Uchambuzi

Kilichobeba kazi yote ni rekodi ya sauti. Kusema "inalia mara sita" ni tafsiri tayari; rekodi ni ushahidi. Kuanza kurekodi kabla ya kubonyeza kitufe kuna umuhimu wake, kwa sababu milio inajirudia, na ukianza kusikiliza katikati unaweza kuandika "mmoja mrefu na mifupi mitano" ukatafuta kitu kisichokuwepo. Fundi akiandika, aandike urefu na vituo, asiandike idadi peke yake. Na orodha isomwe kwa namba ya madabodi iliyoko mbele yako. Orodha isiyotaja ni ya BIOS gani na ya miaka ipi, iache.

Kipimo cha kuwasha bila RAM nitakifanya kila mara sasa. Kinachukua dakika mbili na kinatenganisha madabodi iliyokufa na madabodi inayotafuta kitu.

Kilichoshindikana upande wetu mafundi ni haraka. Kijana alikuwa akiizima seva baada ya sekunde ishirini hivi. Hata kama Jumamosi angebahatika kuchomoa stiki mbovu, asingeiona picha. Mimi nilisoma mchoro kichwa chini na nusura nifungue prosesa nzima isiyo na kosa, hatua ambayo ingeweza kupinda pini na kutengeneza ugonjwa mpya juu ya wa zamani. Vipimo vitatu vinavyotoa jibu lileile vilipaswa kunishtua mapema: nilikuwa nimebadilisha stiki, sikuwa nimebadilisha sloti.

Kosa langu jingine ni la Jumapili, na hilo hakuna aliyeliona. Nilimwomba mhasibu awashe seva ili arekodi, diski zikiwa ndani. Milio ile inatokea kabla diski hazijaguswa, kwa hiyo madhara hayakuja. Lakini laiti ukoko ungekuwa umekauka kwa jua la Jumapili, seva ingewaka kwa RAM mbovu na kanzidata ya wanachama juu yake. Leo ningemwambia kwanza, kwa maneno mepesi, jinsi ya kuzivuta diski nusu zitoke kwenye viunganishi vyake.

Upande wa ofisi, siku kumi na moja bila nakala rudufu ni nyingi mno kwa fedha za watu. Mhasibu sasa anatoa nakala kila jioni kabla ya kufunga, na diski ya nje haikai stoo.

Mwezi uliofuata nilirudi kubadilisha betri za UPS. Nikafungua kumbukumbu ya matukio: 1A na 2A hazikuwa na mstari hata mmoja. Nyuma ya seva bati bado lilikuwa limekaza. Ukutani, juu ya dirisha la nondo, mijusi kafiri wawili walikuwa wametulia wakiwinda mbu.